Vipele vya Plamu Vilivyomfukuzisha Mama Neema

Nilimponza mwanamke asiye na kosa hadi akafukuzwa chumbani kwake, kisa vipele kwenye majani ya plamu. Kosa ni langu, wala msinitafutie wakili.

Tunaishi mtaa wa Bellevue, nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba sita. Uani kuna mti wa plamu alioupanda Gogo, yaani bibi kwa lugha ya huku, mwenye nyumba wetu, aliporudi kwao kutoka uhamishoni Tanzania. Kiswahili anakijua kutuzidi sisi, na mti ule ni kama mtoto wake.

Mwaka 2017 majani mapya yalitoka na vipele vyekundu pembeni, vimejipanga kama shanga. Nikapiga picha, nikapekua simu dakika kumi, nikawa bwana miti! Nikamtangazia Gogo: mti unakufa kwa sumu. Sumu gani? Dawa ya nywele. Mama Neema, msusi kutoka Bukavu, alikuwa anawaosha wateja wake nywele uani.

"Gogo, ile maji naimwangaka kule njiani!" Mama Neema alilia. "Muti wako sijaugusa hata siku moya!"

"Mwenzako ana picha," Gogo akamjibu, akininyooshea kidole. "Wewe una nini?"

Wapangaji wenzangu wakatikisa vichwa kama kondoo. Hakuna aliyegeuza hata jani moja! Mwisho wa mwezi Mama Neema akatoka na wanawe wawili.

Ndipo Gogo akamwita Mkenya mmoja, mkata miti. Huyo akachuma jani, akapasua kipele kwa wembe, akakitazama kwa kioo cha kukuzia. Akacheka.

"Nani aliwaambia mti unakufa? Eish! Huu ni utitiri, vidudu vidogo kuliko vumbi. Vinaishi ndani ya hivi vivimbe. Plamu mtakula kama kawaida, Gogo."

Na tulikula.

Baya zaidi ni hili. Siku ile ya picha nilichungulia juu ya ukuta, nikaona plamu ya jirani ina vipele vilevile. Kule hakuna msusi, hakuna dawa. Niliona, nikanyamaza, kwa kuwa nilishaonja utamu wa kuitwa mjuzi. Wala sikuwa na chuki na Mama Neema. Pumbavu mkubwa mimi!

Nawe unayependa kusikilizwa, ukiona kinachokupinga, kitangaze kwa sauti ileile uliyoshtakia.

Simu ya Mama Neema haipatikani. Beseni lake bado liko pale bombani. Kila asubuhi Gogo huniuliza kama nimempata. Habari ya plamu ya jirani bado sijamwambia.