Nairobi ya Gachoka

Kiende ni mtu wa kuota macho wazi. Ukimkuta ofisini kwetu mjini Embu, shavu limelala kiganjani na chai imeshapoa, usidhani hana kazi. Anasubiri majibu. Kazi yake ni kuuliza ni akina nani wametembelea tovuti yetu, wanatoka wapi, wamekaa kusikiliza au wamepita tu. Haulizi kwa kubofyabofya kama sisi wengine. Huandika mistari michache ya Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, akaazima maktaba ya msimbo iliyoandikwa na watu asiowajua, na maktaba hiyo ndiyo inayokwenda kubisha hodi kwenye ghala la takwimu na kumrudishia safu za majina ya miji.

"Wanakuja," huniambia safu zinapoanza kushuka kwenye skrini, kwa sauti ya mtu aliyeona wageni langoni. Amezaliwa Nkubu, na anasema utotoni alikuwa akikaa hivyohivyo kando ya barabara ya Embu, akiwatungia maisha abiria wa magari yaliyopita. Mimi Rahema, ninayerekodi sauti za hiyo tovuti, sina subira hiyo. Namwambia namba ni namba. Yeye hucheka na kusema kila namba ina mtu ndani.

Tovuti yetu ni ya wakulima. Ninaoupenda zaidi ni ukurasa wa Wambeti, mama mzee wa Gachoka, upande wa Mbeere hukuhuku Embu, anayezungumza kwa Kimbeere habari za ndengu, mtama na mvua. Nimerekodi watu wengi, lakini sauti kama ile sijapata: nzito, ya polepole, unaweza kuilalia. Kila rekodi huianza kwa salamu ileile: "Wewe uliye mbali, hujambo?" Nilidhani ni madoido yake.

Kisha Kiogora, mkuu wetu, akataka kujua kama wanaomsikiliza ni wakulima wa Mbeere kweli, maana mradi ni wao. Kiende akauliza: wasikilizaji wa Wambeti, mji kwa mji. Safu zikashuka. Karibu wote walikuwa Nairobi. Embu yote ilikuwa na watu kiduchu.

"Hao si watu wetu," Kiogora akasema. "Mtu wa Nairobi ana shamba gani la ndengu? Mwisho wa mwezi tufunge hiyo page, tuweke kitu ingine." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Sauti ile ingebaki kwenye droo yangu, ambako haimfai mtu.

Mtu wa umri wa Wambeti hapelekewi habari mbaya kwa simu. Tulinunua sukari na majani ya chai, tukaenda Gachoka.

Mchana wa Gachoka una usingizi ndani yake. Joto lilikuwa limetulia juu ya paa, njiwa wanalia mahali usipopaona, na kwenye kivuli cha jikoni Wambeti na wanawake wa jirani walikuwa wakichambua ndengu kwenye nyungo. Hakuna aliyekuwa na haraka. Kiende alisubiri chai inywewe, ndipo akaeleza yote: ukurasa utafungwa, kwa kuwa wanaosikiliza si wa huku, ni wa Nairobi.

Wambeti aliuliza kitu kimoja tu. "Hao wa Nairobi ni wengi?"

"Ni wengi, cucu," Kiende akajibu, akimwita nyanya kwa Kimbeere.

Uso wake ukafunguka. "Basi ni Ireri."

Ireri ni mwanawe. Alikwenda Nairobi akiwa kijana kutafuta kazi, halafu namba yake ikaacha kupatikana, na miaka ikapita juu ya hilo. "Tangu akiwa mtoto alipenda kurudiwa jambo lilelile," mama akasema. "Atakuwa anasikiliza na kurudia. Fungeni tu. Amenisikia."

Ndipo nilipoielewa ile salamu. Nilipomtazama Kiende, alikuwa akitabasamu macho yamejaa machozi, maana yeye mambo kama hayo huyaamini papo hapo.

Jirani mmoja, Eunice, akasema kabla haujafungwa wasikie tena ile ya mvua. Alifungua ukurasa kwenye simu yake, akaitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, kama wafanyavyo kila wanapokutana. Wanawake wakainamia kazi yao. Sauti ya Wambeti ikatoka kwenye sufuria ikizungumza habari za mawingu, na Wambeti mwenyewe akaisikiliza kama ya mtu mwingine, vidole vikiendelea na ndengu. Nilihisi kama tumeingia wote katika ndoto ya mtu mmoja.

Kiende akafungua kompyuta yake. Alitaka kuona wanaosikiliza dakika hiyohiyo. Akaandika swali, akasubiri, shavu kiganjani.

"Cucu, njoo uone," akasema taratibu. "Kuna mtu mmoja Nairobi anakusikiliza saa hii."

Wambeti alisogea. Akaweka kidole chenye vumbi la maganda juu ya lile neno Nairobi, akakiacha hapo.

Mimi na mdomo wangu nikauliza, "Na Eunice je? Si naye pia anasikiliza? Mbona haonekani?"

Kiende aliinua kichwa. Kisha akamwomba Eunice azime. Sufuria ikanyamaza. Tulingoja kidogo, akauliza tena, na jibu likaja tupu. Eunice akawasha, na Nairobi ikarudi.

"Rahema," akaninong'oneza, "simu za huku mtandao unazipitisha Nairobi kwanza. Nimekuwa nikiuliza mji, na mji ni uongo. Hao wote wanaweza kuwa watu wa hapa." Akawatazama wanawake waliozunguka sufuria. "Na huyu mmoja si mmoja."

Nilifurahi, sitadanganya. Ukurasa ulikuwa umepona. Na kweli Kiogora alipooneshwa baadaye alikuna kichwa, akasema ukae. Lakini furaha yangu iliishia kwenye kile kidole, ambacho kilikuwa bado juu ya skrini. Wambeti hajui kompyuta, ila alikuwa ameiona Nairobi ikiondoka na kurudi kwa mkono wa Eunice.

"Ni sisi," akasema.

"Ni ninyi, cucu. Nisamehe, niliuliza vibaya."

"Hakuna wa kule kweli?"

"Siwezi kujua. Wote wanaonekana sawa."

Alirudi kwenye kiti chake, akachambua ndengu kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nitoe maikrofoni, kuna rekodi ya kufanya.

Niliwasha. Aliuweka ungo chini.

"Ninyi mlio hapa," akaanza, "hamjambo?"

"Hatujambo," wanawake wakaitikia, na sikuikata sauti yao.

"Na wewe uliye mbali." Akasita. "Kama upo, ndengu zimeiva."