Supervisor aliniambia ni sentensi moja tu, nikakosa graduation

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki. Majina nimeacha kwa sababu bado natafuta riziki kwenye hii fani.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, kozi ya afya ya jamii. Project yangu ilihusu upungufu wa damu kwa akina mama wajawazito. Nilizunguka kliniki za huku kwetu mpaka viatu vikaisha soli.

Wasiosoma mambo ya afya niwaeleze kidogo. Sisi vyanzo tunaviandika kwa namba. Cha kwanza kutajwa kinapewa moja, kinachofuata mbili, mpaka mwisho, na kule nyuma kuna orodha inayofuata namba hizo hizo. Ukiingiza kimoja mbele, vyote vilivyobaki vinasogea.

Sasa kuna mila ambayo haijaandikwa popote: umtaje supervisor wako. Awe ameandika kuhusu mada yako au hajaandika.

Siku ya kuprint, supervisor wangu, tumwite Dokta, akanipigia simu.

"Sijaona paper yangu. Weka hapo mwanzo, ni sentensi moja tu."

Paper yenyewe ilihusu vyoo vya shule. Vyoo, wakuu, na mimi naandika damu!

Nikamwambia, "Dokta, namba zote zitahama."

"Hiyo ni kazi ya kompyuta. Peleka, mimi nishasaini."

Nikaweka. Wewe ungekataa?

Kompyuta ilisogeza orodha ya nyuma peke yake. Namba za ndani nilikuwa nimezichapa moja moja, kama alivyotufundisha Dokta mwenyewe darasani. Zikabaki pale pale, na mimi kwa haraka sikuona.

Mama yangu analima miwa Matete. Wakati huo alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake anamaliza. Kitambaa cha gauni kilikuwa kwa fundi, na ingokho, yaani kuku wa sherehe, alishaichagua, hakuna mtu kuigusa.

Basi nikaingia kwa panel kutetea project, Dokta akiwa ameketi nao. Mtahini mmoja mwanamke akafungua ukurasa. Nimeandika kwamba vidonge vya kuongeza damu vinasaidia wajawazito, nikaweka namba. Akaenda nyuma kwenye namba hiyo, akakuta utafiti wa minyoo ya watoto. Akajaribu nyingine, akakuta malaria mahali pa lishe. Akajaribu ya tatu, mambo ni yale yale.

"Msichana, hizi vitu ulisoma kweli ama ulijitungia?"

Nikamwangalia Dokta. Alijua. Nilimwomba kwa macho aseme neno.

Akavua miwani, akaifuta polepole. "Mimi huwaambianga hawa wanafunzi wakague references. Hawasikiangi."

Uamuzi ukawa nirudie kazi, ningoje kundi la mwaka unaofuata.

Nilimchukia, wakuu. Na nisiwadanganye, bado namchukia.

Mama nilimwambia tu nimekosea references. Ningemweleza hizo namba vipi kwa simu? Akasema, "Sasa kanisani nitasema nini? Na vile wewe husomanga kila siku."

Gauni likakaa kwa fundi.

Mwaka uliofuata nikagraduate, mama akaja. Tukiwa uwanjani Dokta akapita na joho lake. Mama kusikia huyo ndiye supervisor, akamkimbilia. Akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akainama.

"Asante sana, daktari. Pole vile huyu msichana alikusumbua."

Na yule mtu akapokea! Bila hata kuona haya.

"Usijali, mama. Vijana hukosanga makini."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Tukapigwa picha sisi watatu.

Wadogo zangu mnaoandika sasa, tumieni programu ya kupanga marejeo tangu ukurasa wa kwanza. Na mkubwa akikuagiza uongeze kitu dakika za mwisho, mwombe akuandikie kwa email. Amri ya simu ataikana mchana kweupe.

Wenye uzoefu karibuni, hata wa kunitukana. Ninachotaka kujua ni kama ningepaswa kumwambia mama ukweli pale pale uwanjani mbele ya watu. Picha ile ameitundika sebuleni, na kila nikienda nyumbani ananiuliza kama nimempigia Dokta kumshukuru.