Tundu Kwenye Wavu wa Daraja

Nookaraju hamwamini mtu. Mimi Suryakantam, wengi huniita Kantamma, muuza maua wa pale mwanzo wa daraja, nimemjua mwaka wa kumi na tisa huu, na sijamwona hata siku moja akimtazama binadamu bila kumtilia shaka kwanza. Ukimsalimia anataka kujua kwa nini umemsalimia. Ukimpa ndizi anaigeuza juu chini kabla ya kuimenya. Mkewe aliwahi kuniambia, "Dada Kantamma, huyu nikimpikia dengu zikatokea tamu, ananiuliza nimefanya kosa gani."

Zamani alikuwa na mtumbwi. Mtu akijitupa kwenye mto Godavari, polisi walimfuata yeye akauopoe mwili. Alifanya kazi hiyo mpaka ndevu zikageuka nyeupe. Hakuizungumzia, ila aliacha kula samaki, na mtu wa hapa akiacha samaki ujue ana jambo. Kisha manispaa wakaweka wavu wa waya pande zote mbili za daraja, mrefu kuliko mtu aliyenyoosha mkono, wakampa Nookaraju sare, filimbi na kigoda. Kazi yake ni kutembea na kutazama watu. Walimpata mwenyewe hasa.

"Kwa nini umesimama?" alikuwa anamuuliza kila mtu.

"Nimechoka tu, mzee."

"Umechoka na nini?"

Maharusi waliokuja kupiga picha aliwahoji mmoja mmoja, kila mtu upande wake. Karani mmoja wa benki alisimama kuchokonoa meno, akashikiliwa pale mpaka alipotaja namba ya simu ya mama yake.

Mimi na ule wavu hatukupatana. Sisi hatuvuki Godavari mikono mitupu. Maua yaliyowekwa mbele ya miungu nyumbani hayatupwi jalalani, yanapelekwa mtoni. Walio ndani ya basi hutupa sarafu dirishani, na waendao kwa miguu hununua kwangu asumini na pakiti ya manjano, wakamtupia Mama Godavari, wakaendelea na safari zao. Basi wavu ule hata kidole hakipiti. Watu walisukuma maua yakapondekapondeka, yakanasa, yakaoza pale pale, nyigu wakajaa. Bibi wa watu analia kwa sababu ameshindwa kumpa mto haki yake. Na kapu langu linarudi nyumbani limejaa. Nikasema waya haunishindi.

Sasa niseme, maana mbele za watu nimeshasema. Nilikata mimi. Niliazima koleo la fundi baiskeli, nikaenda penye nguzo ya taa ya tatu, nikatoboa tundu la upana wa kiganja. Niliona nimefanya ibada.

Nookaraju aliliona kabla ya chai ya saa nne. Akaliziba kwa waya. Nikakata tena. Akaziba, nikakata. Akaanza kushuku wavuvi, akahamia kwa wanafunzi wa chuo, akamfuata mchunga mbuzi mmoja hadi kwao. Mwisho akaja kwangu.

"Kantamma, mkono wako una nini?"

"Mwiba wa waridi."

"Unauza waridi tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa mkwe wangu."

"Usinichekeshe. Kuna mtu anakata wavu, na mtu huyo hana nia ya kufa. Mwenye nia hiyo hakati tundu la kiganja."

"Basi mwache. Anataka kumpa Mama maua yake."

"Leo la kiganja. Kesho je?"

"Kesho utakuwa umezeeka zaidi, kaka."

Akaondoka, lakini kila nikiinua kichwa namkuta ananitazama. Roho mbaya ikanishika. Nikawaambia wauza chai kwamba anayekata ni yeye mwenyewe ili aonekane ana kazi, na wauza chai wakaamini, maana kila mtu alishahojiwa akachoka.

Halafu Nookaraju akaugua homa. Siku mbili hakuja. Aliyeshika zamu yake alikalia kigoda akajifunika kofia usoni, akakoroma. Siku zile ndipo watu walipolijua tundu langu, na kiganja hakikuwatosha. Mmoja ana picha ya mungu iliyovunjika fremu, mwingine sanamu ya udongo, mwingine furushi la mwezi mzima. Wakaukunja waya kwa mikono, wakautanua kwa nondo. Jumatatu jioni nilipokuwa nafunga biashara nikapita pale, nikaona. Mtu mzima anapita. Nikajiambia kesho nitamwambia mtu. Kesho yake wateja walikuwa wengi, nikanyamaza.

Jumatano Nookaraju akarudi, amejitanda shali, macho mekundu. Hata kigoda hakijapata joto, akaja mwanamke mmoja wa miaka thelathini na kitu, sari ya kijani, nyuzi za cherehani zimemnasa begani. Alinunua asumini. Hakuzifunga kwenye nywele, hakusema niongeze hata ua moja.

"Huyo hakubishana bei," Nookaraju akasema kutoka kigodani kwake.

"Tajiri huyo."

"Tajiri ndiye anayebishana zaidi."

Akanyanyuka, akamfuata. Nikabetua mdomo. Kisha nikaona yule mwanamke anakwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya tatu, na hatazami mto. Anatazama tundu. Nikaliacha kapu na kukimbia. Sijakimbia hivyo tangu niolewe.

Nilipofika, Nookaraju alikuwa ameketi chini, mgongo ameupachika kwenye tundu, ameliziba kwa mwili wake mwenyewe huku anatetemeka homa. Mwanamke amesimama mbele yake, maua mkononi.

"Ondoka hapo, mzee."

"Siondoki. Unaitwa nani?"

"Linakuhusu nini?"

"Mimi kila kitu kinanihusu. Muulize huyu muuza maua."

"Vijaya."

"Vijaya, umekuja kufa?"

Alimuuliza hivyo hivyo, kama mtu anayeuliza umekuja kununua mchele. Na yule mwanamke hakukana. Alisema miezi mitatu alikuwa anamwomba Mama Godavari ishara. Jana alikuwa ndani ya basi, akatupa macho dirishani.

"Wavu mzima umefungwa," akasema. "Hapa tu pamefunguliwa. Ameniita mwenyewe. Wewe ni nani umzuie Mama?"

Hapa kwetu hakuna anayebishana na mto. Nookaraju akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona woga usoni mwa mtu yule.

Nikisema, ni kesi, mali ya serikali hiyo, na soko zima litajua. Lakini mwanamke alikuwa anajivuta karibu, kidogo kidogo.

"Si Mama aliyefungua," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nimekata mimi, kwa koleo la fundi baiskeli. Nilitaka maua yangu yauzike. Halafu watu wakalitanua wapitishe mapicha yao. Mto haujakuita, mdogo wangu. Hakuna aliyekuita."

"Unanidanganya ili nisifanye."

Nikalitoa koleo, nilikuwa bado sijalirudisha, kwenye pindo la sari, nikamwonyesha na mikwaruzo ya kiganjani. Akalitazama lile koleo muda mrefu. Kisha akanipiga na yale maua usoni, mara mbili, kwa nguvu zake zote.

"Mwanamke gani wewe?" akasema. "Jana nzima nimelia namshukuru Mama, kumbe nashukuru biashara yako?"

Nilimwacha anipige. Alipochoka akaketi kando ya Nookaraju, akalia kwa sauti, na Nookaraju akamfunika kipande cha shali bila kubanduka pale tunduni. Akampa simu. Kaka yake alikuja na pikipiki, hakumfokea, akampeleka kwa daktari. Yu hai. Mwezi uliofuata alipita akanunua maua kwa mwenzangu wa upande wa pili, kwangu hakugeuka. Sawa, siwezi kumlaumu.

Walipoondoka, Nookaraju alizungusha waya mpya, akakaza kila fundo mara mbili. Mimi nimesimama tu.

"Lilikuwa kubwa hivi tangu lini?" akauliza bila kunitazama.

"Jumatatu jioni."

"Na uliliona."

"Nililiona."

Akahesabu kwa vidole. Akageuka, akatazama chini mto unakoelekea, kisha akanipeleka mwenyewe polisi kwa mkono wake. Nilikalishwa kwenye benchi kutwa nzima, nikaandikwa kwenye kitabu cha makosa. Silalamiki. Siku hizi manispaa wameweka mabomba mafupi ya mshazari kwenye wavu, maua yanapita, watu wameridhika.

Mimi sijaridhika. Usiku mbili na kutwa nzima tundu lile lilikuwa wazi, na mlinzi amelala. Nimeteremka mpaka kwa wavuvi wa kule mto unakoelekea kuwauliza kama wiki ile waliopoa mtu. Wameniapia kwa watoto wao, hakuna. Nimerudi mara tatu. Safari ya mwisho mwenye mtumbwi mkubwa aliniambia, "Mama, tukwambieje sasa?" Sijui waniambieje. Siwaamini.