Tawi Nililolitikisa

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo labda yapo ninayoyaandika vibaya. Ila siku ya maua naikumbuka.

Kikundi chetu hapa Ihembe tulikuwa wanane. Kila Jumamosi tulijifunza Kijapani nyuma ya kanisa, kwa mwalimu aliyewahi kusomea kilimo Japani. Siku moja akatuonyesha kwenye simu watu wameketi mikekani chini ya miti iliyochanua, wanakula huku maua yanawadondokea. Akasema huko hufanya hivyo kila mwaka baridi ikiisha, na sisi tungefanya, ila miti hiyo hatuna.

Nikaropoka, "Kahawa za kwetu zimechanua leo asubuhi. Njooni kesho."

Kahawa zenyewe si zangu, ni za mama mkwe. Na huku kwetu mtu haingii kwenye kahawa iliyochanua mpaka maua yanyauke yenyewe. Ukipukutisha maua mabichi, umepukutisha mavuno. Tena mwaka ule alikuwa ameahidi kunipa mstari wa mibuni wa upande wa chini, akiona najua kutunza. Miaka tisa nimelima kibanja kile, kahawa na migomba yake, na sina hata mti mmoja. Mstari ule niliutaka sana.

Nilimpigia magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeniamkia mara mbili leo? Unataka nini?"

"Nina wageni kesho. Wanakuja kuangalia maua."

"Kuangalia tu? Kwao hakuna maua?" Akacheka, kisha akasema, "Wakae uani. Mtu asivuke mtaro."

Wakaja baada ya ibada. Tulitandika mikeka karibu na mtaro, tukala ndizi na maharage. Ng'ambo ya mtaro mibuni ilikuwa myeupe mpaka kwenye shina, na harufu ilitufikia. Mama mkwe akapitisha kikapu cha kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi kwa mgeni.

Mama mmoja wa kikundi, mfanyabiashara kutoka Muleba, akauliza, "Mwalimu, Wajapani nao wanatafuna kahawa?"

"Wanakunywa tu."

"Basi hapo tumewazidi!" Akatazama juu. "Lakini maua ya kwao yanadondoka. Haya ya kwetu mabahili."

"Yaacheni," mwalimu akasema. "Kuyaona kunatosha."

Mama mkwe alikuwa ameingia jikoni. Simu zilikuwa tayari kwa picha. Nikavuka mtaro, nikashika tawi moja lililoinamia upande wetu, nikalitikisa mara mbili. Maua yakawamwagikia, wakashangilia.

Mama mkwe akatoka na sufuria ya ndizi za kuongeza. Akaona weupe kwenye kilemba cha yule mama.

"Nani kavuka?"

"Ni upepo, mama," yule mama akajibu.

"Upepo wa tawi moja?"

Niseme haki: yule mama hakuniambia nitikise, na uongo wake ulikuwa wa kunisitiri. Mwalimu alitukataza. Katika wote pale, aliyejua zaidi thamani ya ua lile ni mimi.

"Ni mimi, mama."

Hakunigombeza mbele ya wageni. Aliwapakulia wote, na mimi akanipakulia. Walipoondoka akanipeleka kwenye mbuni ule.

"Mstari bado. Chukua huu mmoja. Utauchuma mwenyewe."

Nikautunza. Kahawa zilipoiva, matawi mengine yalijaa mpaka yakainama. Lile moja lilikuwa na punje hapa, punje kule. Nilichuma yote, nikampelekea kikapu. Hakukitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile tawi, akapitisha vidole toka mwanzo hadi ncha, akigusa vikonyo vichache vilivyobaki.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

Akaliachia tawi. "Kachukue jembe. Ule mstari wa chini una magugu."

Hakusema umekuwa wangu, nami niliogopa kuuliza. Nikaupalilia wote siku ile ile, nikipita kwa ubavu kati ya mibuni, nguo nimeikaza kiunoni isiguse tawi.