Kipande Kinachoparuza

Paskazia wa Ushirombo alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake vilijulikana mpaka Kahama kwa ulaini. Ukipitisha kiganja hukuti hata chunusi. Kila kimoja alikisugua kwa kokoto ya mtoni mpaka king'ae, na sifa hiyo aliipenda.

Mwaka wa tisini na nne mumewe, Felician, aliangukiwa na jiwe ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, kule Bulyanhulu. Mfupa wa muundi ukasagika, kipande cha urefu wa kidole kikakosekana. Miezi saba alilala hospitali ya misheni, na Paskazia nyumbani, binti yao Elieth akiwa ameshaolewa, akawa anasonga ugali wa wawili, anakula wa mmoja. Alitaka jambo moja tu: mume wake aingie uani kwa miguu yake.

Hospitalini alikuwapo Daktari Tahera, binti wa wenye duka la vitambaa Nyasubi, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Siku moja Paskazia alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, daktari alimwekea mkononi vipande viwili vya kauri, udongo mweupe wa namna yake uliochomwa.

"Shikamoo, Mama Elieth. Hivi hujaza pengo la mfupa. Ungekuwa wewe, ungechagua kipi?"

"Marahaba." Paskazia akavipapasa. Kimoja laini kama yai, kingine kimejaa vitundu na kinaparuza. Hicho akakisukuma kando. "Hiki cha mvivu."

"Huyo mvivu alisoma miaka saba."

"Basi alisomea uvivu."

Felician kitandani akacheka mpaka mguu ukamuuma. Daktari naye alicheka, kisha akaeleza. Ndani ya uboho mna seli shina, chembe changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Zikikuta uso laini hushika kwa shida. Zikikuta vitundu na mikwaruzo hujishikiza, hutanuka, na nyingi huanza kuwa mfupa.

Paskazia akakichukua tena kile kinachoparuza. Mbona alilijua hilo tangu usichana? Kila alipoongeza udongo mbichi kwenye chungu kilichoanza kukauka, alikichanja kwanza kwa gunzi, la sivyo kiungo hubanduka. Majivuno ya mng'ao ndiyo yaliyomsahaulisha.

"Mtie hiki cha mvivu," akasema.

Uboho ukavutwa nyongani kwa Felician, ukachanganywa na punje za kauri ile, ukajazwa penye pengo. Miezi mitano baadaye picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeshikana pande zote mbili. Felician akaingia uani, kwanza na mkongojo, halafu bila. Siku aliyouweka mkongojo chini, Paskazia hakufinyanga kitu. Alikaa akiutazama mguu ule ukizunguka nyumba.

Lakini mguu mzima hauketi. Mvua za kwanza Felician akafunga kibegi. "Mama Elieth, nakwenda Geita kutazama machimbo tu. Wiki mbili."

Ikapita miezi tisa. Sokoni Nyasubi Daktari Tahera akamkuta Paskazia anauza, akamuuliza mguu unaendeleaje.

"Mzima, daktari," alijibu, akipanga vyungu. "Watu wameuona Geita."