Kengele Iliyosahauliwa Daftarini

Mfumo wa Linux ulioendesha seva ya chuo cha ufundi ulikuwa umezeeka, na fundi wake, waliyemwita Mama Seva, alipewa Jumamosi na Jumapili tu kuushughulikia.

"Pandisha toleo jipya juu ya hilo la zamani, yaishe," mkuu wa chuo akamwambia.

"Mzee, mafundi watatu wameichokonoa kabla yangu. Nikipandisha, napandisha na uchafu wao. Nafuta, naanza upya."

"Na Jumatatu kikipungua kitu?"

"Kazi yangu mpe mwingine."

Kusema si kutenda. Wiki nzima alizunguka mlango kwa mlango na daftari, kama mafundi wa zamani waliouliza kwanza ndipo wakashika nyundo. Wa leo hubomoa, halafu wakauliza. "Seva inakufanyia nini?" Msajili akasema alama, walimu wakasema mahudhurio, mpishi akasema idadi ya walaji. Akaandika yote, akanakili kila kitu kwenye diski mbili, akahakikisha zinasomeka, ndipo akafuta, akaweka toleo jipya na kurudisha yale tu yaliyo daftarini. Jumapili jioni seva ilikuwa safi kama sufuria mpya.

Jumatatu alama zipo, mahudhurio yapo, mpishi kapata idadi yake. Saa mbili ikafika. Kimya. Wanafunzi wakaendelea kupiga soga uani. Mama Seva akashika kichwa. Kengele! Miaka tisa seva ndiyo iliyoipiga kwenye vipaza sauti, wala hakuna aliyeitaja.

Mkuu alikwisha toka ofisini, uso kaukunja. Mara, ngele! ngele! ngele! Mlinzi wa lango, Babu Kengele, aliyenyang'anywa na seva kazi ya kupiga kengele akaachiwa jina, alikuwa ameinyanyua kengele ya shaba aliyozuilia mlango wa kibanda chake, anaitikisa kwa mikono miwili. Uani wakapiga vigelegele, wakakimbilia madarasani.

"Babu, umeniokoa!"

"Milango yote umebisha, wangu ukauruka. Kwani kwangu ni pango?"

"Nisamehe, babu. Ile amri ya kuifanya seva ipige kengele ninayo kwenye diski, nairudisha sasa hivi upumzike."

"Nipumzike nini? Miaka tisa nimepumzika mpaka nimeota kitambi!"

Mkuu akaangua kicheko. "Umechelewa dakika sita, mzee."

"Nilikuwa naisubiri mashine yenu. Nina adabu mimi."

"Basi kuanzia sasa usiisubiri. Na wewe Mama Seva, rudi kazini kwako."

Mama Seva akafungua daftari, akaandika chini ya orodha: Kengele, Babu, langoni. Ile amri akaiacha ilale diskini.

Saa tatu kasorobo, robo saa nzima kabla ya kengele ya kipindi cha pili, babu alikwisha simama uani, kengele mkononi, akiitazama saa yake.