Baba Alipolinyamazisha Gari la Yasini

Vikombe ndivyo vilivyotangulia kujua. Bibi alikuwa na sinia la bati lenye vikombe vyake vya kahawa, aliloliweka juu ya sanduku karibu na kitanda tulichokuwa tukilala mimi na yeye, na kabla sikio la binadamu halijapata chochote, vikombe vile vilianza kutetemeka na kugongana taratibu. Kisha mlio ulifuata, mzito, ukitokea upande wa barabara kuu, ukipanda na kushuka kila gari lilipoingia shimoni, mpaka kuku wa jirani wakakimbilia chini ya kibanda. Nyuma ya mlio ilikuja harufu ya petroli iliyoungua nusunusu, ikaingia mpaka kwenye mashuka. Bibi, ambaye macho yake yalikwishaziba tangu kabla sijazaliwa, alitabasamu na kuniambia, "Mutoto wangu iko anarudi. Weka chai ku moto." Hivyo ndivyo baba yangu mdogo Yasini alivyokuwa akirudi nyumbani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura. Mpaka leo nikisikia vyombo vikigongana kabatini, hugeukia mlango kwanza, ndipo nikumbuke kwamba hakuna anayekuja.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la zamani, milango miwili, boneti ndefu ya kulaza mtu, na injini ya silinda nane. Mzungu mmoja aliyekuwa akikaa Kiriri, mtaa wa matajiri, alikuwa nalo miaka mingi, na alipofungasha kurudi kwao alimwachia Yasini, dereva wake, kwa bei ya kutupa. Watu wa mtaa walimcheka. Walisema gari lile linakunywa kuliko mlevi wa mwisho wa mwezi. Lakini yeye alilisugua likang'aa, akaanza kubebea maharusi, na haukupita muda mrefu kabla ya wasichana wa Buyenzi kuanza kuapa kwamba hawaolewi bila kupandishwa gari la Yasini. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Bomba la kutolea moshi, ambalo kwa gari la namna ile ni mabomba mawili yanayopita chini hadi nyuma, lilikuwa limeliwa na kutu, na moshi na kelele vilitokea popote vilipopenda. Baba yangu, Ramadhani, ambaye ni kaka yake na ni fundi wa magari, alimkaripia kila wiki. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia. Yasini alicheka tu. "Kaka, mi nikifunga hii tiyo ya moshi, mama atajua namna gani nimefika?"

Siku zile njia za nje ya mji hazikuwa za kuaminika. Watu waliondoka asubuhi wakiagana kama wanaokwenda mbali, hata kama walikuwa wanakwenda sokoni. Mwanzoni mwa kiangazi, mimi nikiwa nasoma darasa la nne, Yasini alichukua abiria wa kuelekea mpakani, upande wa Kongo, na hakurudi. Tulingoja. Baba akazunguka hospitali zote, akauliza kwa askari, akauliza kwa madereva wa lori, akauliza kwa wavuvi. Kuuliza si ujinga, ila kuna maswali ambayo kila ukiuliza watu wanaangalia viatu vyako. Mwishowe mtu akaleta habari kwamba gari limeonekana kando ya barabara, milango wazi, mabomba yakining'inia. Hapakuwa na mtu ndani wala kiatu wala alama yoyote ya kuelezea kilichotokea.

Baba alilivuta kwa kamba nyuma ya lori mpaka mwanzo wa mtaa, kisha kwa mikono, akisaidiwa na vijana, mpaka nyumbani. Nakumbuka alasiri ile vizuri kuliko siku yangu ya harusi. Bibi alikuwa barazani akichambua maharagwe, nami niko pembeni yake nikiokota yanayomdondoka. Gari likaingia uani kimya, likapita mbele ya magoti yake, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeligusa. Hakusikia kitu isipokuwa magurudumu kwenye vumbi. "Nani huyo?" akauliza. Baba akasimama na kamba mkononi, akaniangalia mimi, akaangalia pembeni. "Ni miye, mama. Naleta mabati." Bibi akaendelea na maharagwe yake. Sijawahi kumchukia Baba, lakini siku ile nilitamani aseme neno jingine, neno lolote. Jioni alituambia tusimweleze Bibi kitu. Alisema tumpe siku mbili tatu, huenda Yasini akapatikana, ya nini kumuua mama kabla ya habari kukamilika. Siku mbili tatu zikawa mwezi, na turubai likafunika gari pale uani. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tuliusema usemi huo kila siku kwa mambo ya watu wengine.

Kazi za Baba zilikuwa zimepungua, na wenye harusi hawakuacha kuja kuuliza gari. Akaamua kulifufua. Alisafisha kabureta, akabadilisha betri, akawasha. Sijui alikuwa akifikiri nini. Labda fundi anaposhika spana husahau yote isipokuwa injini. Nilikuwa chumbani na Bibi, na vikombe vikaanza kugongana. Nilimwona akikaza shingo. Akaruka kitandani kama msichana, akapapasa ukuta, akapita mlango wa kwanza, akapita wa pili, huku kanga yake moja ikibaki sakafuni. "Yasini! Yasini wee!" Mikono ameinyoosha mbele, anacheka na kulia kwa pamoja. Baba akazima gari. Alibaki ameketi ndani, mikono kwenye usukani, na mama yake mzazi amesimama hatua chache kutoka kwake akigeuza uso huku na huku kumtafuta mtoto mwingine. Mama yangu ndiye aliyetoka jikoni kumshika mkono. "Apana, mama. Ni gari ya mutu mwingine, imepita tu." Bibi akasema, "Ile sauti mi naijua." Hata hivyo alikubali kurudishwa ndani. Alidai chai iwekwe, ikawekwa, ikapoa, Mama akaimwaga jioni. Kesho yake gari likawashwa tena, ikawa vilevile.

Hapo ndipo Baba alipopata wazo ambalo fundi peke yake angeweza kulipata. Hakuwaza kusema ukweli. Aliwaza kubadilisha bomba. Aliwaita mafundi wenzake wa mtaa mzima, akawaeleza kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemwambia kwamba anakosea. Wote walimpenda Bibi. Mmoja alileta bomba la basi dogo lililokufa, mwingine akaleta bomba nene la maji, mwingine akakata bati la pipa la mafuta. Uani kwetu kukawa na harufu ya chuma kilichoungua kutoka alfajiri mpaka magharibi. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu, wakazilowesha kwa mafuta ya taa, wakazichoma, bado zikagoma, wakazikata. Mchanga uliletwa kutoka ziwani, ukaanikwa juani mpaka ukawa mkavu kabisa, kwa sababu bomba likijazwa mchanga mkavu na kuzibwa pande zote mbili hukubali kupindwa kwenye moto wa makaa bila kujikunja vibaya. Lile kopo la kumeza sauti walilitengeneza wenyewe: ndani bomba lililotobolewa matundu, nje bati la pipa, katikati zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Walinunua nyuzi zote za maduka ya jirani, na wanawake wa mtaa wakarudi kusugua kwa majivu, wakinung'unika. Bibi alipouliza kelele zile ni za nini, aliambiwa wanatengeneza mlango wa msikiti. Akawaombea dua.

Walipomaliza, Mama alisimama chumbani karibu na sinia, Baba akawasha. Nilikuwa mlangoni nikiona pande zote mbili. Vikombe havikutikisika. Bibi aliendelea kusuka ukili wake wa mkeka. Mama akainua mkono kupitia dirishani kuonyesha kwamba mambo ni sawa, na mafundi wakaanza kukusanya vyombo vyao kama watu wanaotoka makaburini. Lilikuwa bomba zuri kuliko lolote Baba alilowahi kutengeneza. Gari lilipita na maharusi mpaka Ngagara na kurudi, na watu walitoka kuliangalia baada ya kuwa limekwishapita. Bibi akatulia. Hakuruka tena kitandani, chai haikumwagwa tena. Baba akaanza kula vizuri, na nilimsikia akimwambia Mama, "Unaona? Amepumuzika." Wahenga walikwisha kusema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tulikiona kimya kile tukakiita raha.

Aliyekuja kukivunja hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa shangazi wa bibi harusi mmoja, aliyepita kumsalimia mtu mzima wa nyumba, kama adabu inavyotaka. Alikaa mkekani, akapewa kahawa, akauliza afya, kisha akasema kwa furaha, "Mungu aibariki gari ya Yasini, mama. Imetubebea mutoto wetu muzuri sana. Na sasa hata haipige tena makelele." Alidhani Bibi anajua. Bibi akaitika, "Amina." Akamsindikiza mgeni kwa maneno mazuri mpaka mlangoni. Kisha akanigeukia mimi na kusema, "Nipeleke ku gari."

Ningefanya nini? Nilimshika mkono nikampeleka. Akapapasa boneti, akapapasa mlango, akaingiza mkono ndani akagusa kiti cha dereva, akakipigapiga kidogo kama mtu anavyomlaza mtoto. Halafu akapiga magoti vumbini, akafuata bomba kwa vidole, kiungo kwa kiungo, mpaka kwenye kopo la Baba. Gari lilikuwa limetoka kurudi, chuma kilikuwa bado cha moto, na hakuondoa mkono mpaka nilipomvuta. Baba alipofika alimkuta ameketi chini akiegemea gurudumu. Akapiga magoti mbele yake akaeleza yote: kamba, milango iliyokuwa wazi, hospitali, kila kitu. Alilia nami nikalia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na Yasini?" akauliza.

"Hatukumuona, mama. Ni gari tu tuliiona. Naapa kwa Mungu."

"Uliniambia ni mabati," Bibi akasema. "Gari ilipita apa mbele yangu, we ukasema ni mabati. Sasa nitakuamini namna gani?"

Hakumwamini, na hakutuamini sisi wengine wote. Hili sikulitegemea, wala Baba hakulitegemea. Tulidhani ukweli ukija, hata umechelewa, utafanya kazi yake: atalia, atafarijiwa, tutasoma hitima, maisha yataendelea. Lakini aliyeweza kumfichia mama gari zima uani anaweza kumfichia na mtu. Bibi aliamini kwamba Yasini yupo, amejeruhiwa au ameharibika sura, na tumemlaza humohumo ndani tusimwambie. Sheikh alipoletwa kusoma, Bibi alimuuliza, "Munasomea nani?" akajifunika kanga mpaka alipoondoka. Kila alfajiri baada ya kuswali alianza kuzunguka vyumba. Alipita kitanda kwa kitanda, akianzia hata chetu mimi na yeye, akigusa nyuso za waliolala, polepole, paji, pua, kidevu. Niliamka kila siku na vidole vyake usoni mwangu, vikinuka ubani, na nilijua vitakaa kidogo tu, vigundue kwamba ni mimi, viondoke. Sijui kitu kinachouma kama kuguswa na mtu unayempenda akasikitika kwamba ni wewe.

Mvua zilipoanza akashindwa kuinuka. Siku ya mwisho aliomba aletewe uso wa kugusa, na Baba akainama. Bibi akampapasa, akauliza kwa shida, "Ni Yasini?" Mama, aliyekuwa nyuma, akamnong'oneza Baba, "Mwambie ndiyo. Mwambie tu." Nilimwona Baba akifungua mdomo. "Ni miye, mama. Ni Ramadhani." Ule mkono ukaanguka kitandani. Mpaka leo Mama anasema kwamba yeye angesema ndiyo.

Miaka imekwenda. Ninakaa Ngagara na watoto wangu, na Bujumbura ya sasa ina kimya ambacho Buyenzi ya utotoni mwangu haikukijua. Mafuta yamekuwa adimu, magari yanalala kwenye foleni au yanalala nyumbani, na watu wanakwenda kazini kwa miguu wakizungumza. Zamani tulikuwa na kelele na mtu wa kumngoja. Sasa hata kelele hatuna. Gari la Yasini lipo palepale uani Buyenzi, juu ya matofali, na Baba amezeeka pembeni yake, macho yake nayo yameanza kuingia ukungu. Juzi mtu mmoja wa Kiriri anayependa magari ya zamani alisema atalinunua, ila asikie injini kwanza. Nikatafuta kidumu cha petroli kwa shida nisiyotaka kuieleza, nikamimina, fundi kijana akahangaika nalo, likawaka.

Kopo la Baba lilikuwa limeoza. Kutu ilikwishalila ndani kwa ndani bila mtu kujua, na mlio ukatoka wote, uleule, mzito, ukapanda ukutani. Jikoni vyombo vikagongana. Nilimwona Baba akisimama kutoka mkekani, mkono mmoja ukutani, uso ameugeuzia langoni. Nikakimbilia ufunguo.

"Wacha," akasema. "Usizime."

Mnunuzi aliuliza mambo mawili matatu, akaona hatumwangalii, akaondoka. Mimi na Baba tulikaa pale barazani, tukisikiliza, mpaka mafuta yakaisha, na hakuna aliyekuja.